Nyuma ya bimu kuna nini?

Ramani ya nyumba ya ghorofa ikiletwa mezani, mimi huanza na roshani za mbele, halafu naenda moja kwa moja kwenye ngazi. Nguzo na msingi nitavikuta baadaye. Natafuta mahali ambapo roshani na uwazi wa ngazi vimekutana kwenye bimu moja, yaani boriti ya zege inayolala kutoka nguzo hadi nguzo. Hapo ndipo bimu husokotwa kama nguo inayokamuliwa, na katika miaka yangu ya kazi hapa Mombasa hapo ndipo nimekuta michoro mingi imepita bila hata mstari mmoja wa hesabu ya msokoto.

Mji wenyewe unatupeleka huko. Viwanja vya Majengo, Bondeni na Kisauni ni vidogo, na mwenye nyumba akishavuka sakafu ya chini hutaka kujiongezea nafasi kwa kutoka nje kidogo juu ya njia: roshani ya kuanikia nguo na kupunga upepo jioni, au chumba kizima kilichosogea mbele ya ukuta wa chini. Ngazi nayo huwekwa upande wa mbele ili isile vyumba. Basi roshani inakaa upande mmoja wa bimu, na upande wa pili ni uwazi mtupu.

Roshani yenye sakafu ya chumba nyuma yake haina taabu kubwa. Nondo za juu za slebu, yaani bapa la zege la sakafu, zinatoka kwenye roshani, zinapita juu ya bimu na kuingia ndani, na sakafu ya chumba inaishika roshani isiiname. Bimu inabeba mzigo wa kwenda chini tu. Lakini ondoa ile sakafu ya nyuma, weka uwazi wa ngazi, na nondo zilezile hazina pa kushika ila bimu yenyewe. Roshani inainamia njiani, bimu inataka kuzunguka nayo, na nguzo za pande zote mbili zinaizuia. Bafu lililoshushwa kwa ajili ya mabomba huleta jambo hilohilo: slebu ya bafu iko chini kiasi kwamba nondo za roshani haziwezi kupita moja kwa moja, na mchoraji asipokuwa mwangalifu zinaishia ndani ya bimu.

Nilianza kazi chini ya injinia mmoja mtu mzima aliyekuwa na desturi ya kuweka ncha ya penseli juu ya bimu na kuuliza, “Nyuma yake kuna nini?” Hakuuliza mzigo, hakuuliza urefu. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na kanuni zangu kichwani, na nilidhani swali hilo ni la msanifu majengo. Ilichukua muda kuelewa kwamba alikuwa akiuliza swali la kwanza kabisa la msokoto, lile ambalo kanuni zenyewe haziwezi kukuulizia.

Maana msokoto uko wa aina mbili, na hesabu ya kila mmoja ni tofauti kabisa. Wa kwanza ni ule ambao jengo haliwezi kusimama bila huo. Roshani iliyo mbele ya uwazi wa ngazi ni mfano kamili: bimu ikishindwa kuhimili msokoto, roshani inaanguka, hakuna njia nyingine ya mzigo. Wa pili unatokea kwa sababu tu viungo vimemwagwa pamoja. Bimu ndogo inaingia ubavuni mwa bimu ya pembeni. Ile ndogo ikipinda, inaizungusha kidogo ile kubwa. Bimu ya pembeni ikishapata nyufa, ukakamavu wake wa kupinga msokoto unaporomoka sana, na mzigo unarudi kwenye bimu ndogo, ambayo itaubeba kwa kupinda zaidi katikati. Hapo huhitaji hesabu kamili. Unahitaji ringi za kutosha, yaani vyuma vinavyozizunguka nondo za bimu, ili nyufa zibaki nyembamba.

BS 8110, kanuni ya Kiingereza ya ujenzi wa zege ambayo wengi wetu tulilelewa nayo, inasema wazi kwamba katika ujenzi wa kawaida wa slebu na bimu hakuna haja ya hesabu maalumu ya msokoto. Sentensi hiyo inajulikana na kila mtu. Sentensi inayoifuata inasema kwamba muundo ukitegemea nguvu ya msokoto ya kiungo fulani, basi lazima uhesabu, na hiyo ndiyo inayosahauliwa. Waingereza waliiondoa BS 8110 mwaka 2010 wakaingia Eurocode 2, kanuni ya Ulaya, na ofisi nyingi za hapa ziliendelea na ile ya zamani kwa muda mrefu baadaye. Eurocode nayo inatenganisha aina hizi mbili vilevile. Kubadilisha kitabu hakukuokoi kuuliza nyuma ya bimu kuna nini.

Kompyuta pia haikuokoi. Zipo programu zinazogawa mzigo wa slebu na kuuweka juu ya bimu kama mstari wa mzigo wa kwenda chini, na ile momenti ya ukingoni, yaani nguvu ya roshani ya kuizungusha bimu, inapotea njiani. Jedwali la matokeo linatoka safi, msokoto sifuri, kumbe sifuri hiyo imetokana na jinsi mzigo ulivyoingizwa. Roshani yoyote isiyo na sakafu nyuma yake mimi naihesabu kwa mkono kwanza, hata kama baadaye itaingia kwenye programu.

Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya kazini mimi huwapa kipande cha chaki kabla ya karatasi. Wakikivunja kwa kukipinda, kinakatika moja kwa moja, mvunjiko ulionyooka. Wakikivunja kwa kukisokota, uso wa mvunjiko unazunguka kwa mshazari wa karibu nyuzi 45. Zege ni hivyohivyo: linastahimili kugandamizwa, halistahimili kuvutwa, na msokoto unalivuta kwa mshazari pande zote nne. Kwa hiyo nyufa za msokoto zinaizunguka bimu. Za mkato wa kawaida, yaani za mzigo wa kwenda chini unaotaka kuikata bimu karibu na nguzo, zinaelekea upande mmoja kwenye nyuso zote mbili, ya ndani na ya nje. Za msokoto zinapanda upande huu, zinapita chini au juu, na zinatokea upande wa pili zikielekea kinyume. Ukitaka kujua ni zipi, lazima uone nyuso zote mbili, na mara nyingi hiyo maana yake ni kuomba ruhusa ya kuingia ndani ya ngazi ya mtu ukiwa na tochi.

Nyufa zikishatokea, bimu inaendelea kufanya kazi kama boksi lenye kuta nyembamba. Katikati ya zege hakuchangii kitu. Injinia Mjerumani Bredt alionyesha mwaka 1896 jinsi mkazo, yaani nguvu katika kila kipande cha eneo, unavyozunguka ndani ya kuta za bomba jembamba, na injinia Rausch mwaka 1929 akaigeuza fikra hiyo kuwa kiunzi cha zege na chuma: mishazari ya zege inagandamizwa, ringi zinavutwa, na nondo za urefu zinavutwa pia. Vyote vitatu vinahitajika. Ukiweka ringi nyingi bila nondo za urefu, au kinyume chake, umejenga nusu ya kiunzi.

Sasa tuhesabu roshani moja ya kawaida kabisa ya mtaani. Slebu inatoka mita 1.2 kutoka uso wa bimu, unene milimita 150. Pamoja na plasta, vigae na watu, mzigo wa mwisho, yaani uliokuzwa kwa ajili ya usalama, ni karibu kilonyutoni 11.5 kwa kila mita ya mraba. Ukingoni kuna ukuta wa kuegemea wa mawe, mita moja kwenda juu, ambao kwa mzigo wa mwisho ni karibu kilonyutoni 4.9 kwa mita. Bimu ni upana milimita 300, kina 500, na kati ya nguzo na nguzo ni mita 4. Slebu inaleta msokoto wa kilonyutoni-mita 10.4 kwa kila mita ya bimu. Ule ukuta peke yake unaleta 6.2, kwa kuwa umesimama mbali kabisa na bimu. Jumla 16.6. Nusu ya bimu inapeleka kwenye nguzo moja, nusu kwenye nyingine, kwa hiyo kwenye uso wa nguzo tuna kilonyutoni-mita 33.

Kanuni ya BS 8110 inatoa mkazo wa msokoto wa nyutoni 1.84 kwa milimita ya mraba. Kwa zege la 25, yaani lenye nguvu ya nyutoni 25 kwa milimita ya mraba, kiwango ambacho chini yake unaweza kuupuuza msokoto ni 0.33. Tumekipita mara tano na zaidi, kwa roshani ambayo mpita njia hataigeuzia hata shingo. Mkato wenyewe katika bimu hiyo ni mdogo, kama 0.36, na ndiyo maana anayetazama mkato peke yake huweka ringi nyembamba, zilizo mbalimbali, akaona amemaliza. Kwa msokoto, tukiwa na kava, yaani zege linalofunika chuma, ya milimita 40 na chuma cha nguvu ya nyutoni 460 kwa milimita ya mraba, zinahitajika ringi za milimita 12 kila milimita 200, na 200 ndiyo nafasi ya juu kabisa inayoruhusiwa. Mimi huandika 150. Juu ya hayo kuna karibu milimita za mraba 690 za nondo za urefu, zigawanywe kwenye pembe zote nne na katikati ya kila ubavu, na hizi ni nyongeza juu ya zile za kupinda.

Halafu anakuja mwenye nyumba, akiungwa mkono na msanifu, anataka bimu ya upana 200 ili ijifiche ndani ya ukuta. Ombi hili nimelipata karibu kila mara, na nalielewa. Hakuna anayependa kuona bimu imejitokeza sebuleni. Lakini kwa upana wa 200 mkazo unapanda hadi karibu 3.6, na kikomo cha bimu ya kina hicho ni kama 3.0. Hata ukijaza chuma, zege lenyewe litapondeka. Hapo hakuna mashauri. Ninachofanya ni kusogeza upana wa ziada upande wa ngazi, mahali ambapo watu wanapita tu, na ukuta wa sebule unabaki umenyooka.

Dawa bora kuliko zote ni kuigeuza ngazi. Kama kipumziko cha ngazi kilicho sawa na sakafu ya ghorofa kinaweza kuja nyuma ya roshani, nondo za juu zinapata pa kwenda na msokoto unaondoka. Slebu ya kipumziko lazima iwe na nondo za juu na ishikwe vizuri upande wa pili, na ikiwa fupi ihesabiwe isije ikainuliwa. Ni kazi ya siku za mwanzo za ramani, wakati msanifu bado hajampendezesha mteja kwa picha. Ndiyo sababu naomba kuiona ramani mapema, hata ikiwa bado imechorwa kwa penseli.

Jambo ambalo naona linapuuzwa kuliko bimu yenyewe ni nguzo. Zile kilonyutoni-mita 33 haziishii kwenye uso wa nguzo. Zikiingia kwenye nguzo zinageuka kuwa momenti ya kuipinda, na nguzo ya katikati inapokea kutoka bimu mbili, kwa hiyo 66. Kwenye ghorofa za kati, nguzo ya juu na ya chini zinagawana. Kwenye ghorofa ya mwisho hakuna nguzo ya juu, basi zote zinaenda chini. Na nguzo zetu za mbele ni zipi? Ni za upana 200, zimelazwa ndani ya ukuta kwa sababu ileile ya kujificha, yaani zimeupa msokoto upande wao dhaifu. Nimewahi kuona bimu iliyohesabiwa vizuri sana ikikaa juu ya nguzo ambayo hakuna aliyeiambia kuhusu momenti hiyo.

Saiti, kila kitu kinategemea ringi. Fundi wa chuma aliyenifundisha mengi ni mzee wa Kisauni. Ananiita “mwanangu” na mimi namwita Ami, kama wengi pale saiti. Siku moja nilimkuta anafunga bimu ya roshani kwa ringi zilizo wazi juu, umbo la U, ili nondo nzito za juu zishuke kwa urahisi.

“Ami, hizi lazima zifungwe.”

“Mwanangu, slebu itakaa juu yake. Itazifunga.”

Alikuwa na hoja. Katika mkato, miguu miwili ya wima ndiyo inayofanya kazi, na kwenye bimu nyingi alizowahi kufunga hakuna kilichoharibika. Nilichukua kipande cha waya wa kufungia, nikakizungusha mraba kwenye vidole vyake, nikamwambia avute pande zote nne kwa pamoja. Kilipofunguka pembeni alinyamaza, akaangalia bimu, akaangalia roshani, akauliza, “Kwa hiyo huku juu nako kunavutwa?” Ndiyo, Ami, juu kunavutwa sawa na chini na ubavuni. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewakaripia vijana wake.

Kufunga peke yake hakutoshi. Ncha za ringi zikikunjwa nyuzi 90 tu, zinalala ndani ya ganda la nje la zege, na bimu ikisokotwa sana ganda hilo linabanduka na ncha zinafunguka. Zikunjwe nyuzi 135, ziingie ndani ya kiini, zikumbatie nondo ya pembe. Na kulabu zisipangwe zote kwenye pembe moja kama mstari. Zizunguke, ringi hii pembe hii, inayofuata pembe nyingine. Pembe za bimu zina kazi yake ya pekee: mishazari ya zege iliyogandamizwa inageuka pale, na katika kugeuka inaisukuma pembe itoke nje. Nondo nene ya pembe na ringi za karibu ndizo zinazoizuia.

Zile nondo za katikati ya ubavu ndizo zinazoonewa. Fundi anaziona kama za kushikilia ringi tu zisiyumbe, basi anazikata zinapofika nguzo. Zinavutwa urefu mzima, na zinavutwa zaidi hasa pale kwenye nguzo, ambapo msokoto ni mkubwa. Siku hizi naandika kwenye mchoro, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: NONDO ZA UBAVU ZIINGIE NDANI YA NGUZO. Tangu nilipoanza kuandika hivyo, maswali ya simu asubuhi ya kumwaga zege yamepungua sana.

Kisha kuna chumvi yetu. Msokoto unategemea ganda la nje la bimu, na ringi ni chuma kilicho nje kuliko vyote. Hilo ndilo ganda ambalo hewa ya bahari inalishambulia kwanza. Sehemu nyingine ya nchi, ringi iliyoanza kutu kwenye bimu ya kawaida inaweza kukupa miaka ya kujipanga. Roshani inayotazama bahari, yenye bimu ya msokoto, haikupi nafasi hiyo: pembe ikimeguka kwa kutu, umepoteza zege linalogandamizwa, chuma kinachovutwa na kishikio cha kulabu kwa pamoja. Kwa hiyo kava ya 40 siibishanii na mtu, vijiwe vya kava vinafungwa kwenye ringi zenyewe wala si kwenye nondo kuu, na mchanga ukiletwa wa ufukweni unarudi ulikotoka.

Majengo yaliyokwisha kusimama ndiyo yanayoninyima usingizi, kwa sababu kule hakuna cha kugeuza kwenye ramani. Mama mmoja aliniita kwake kwa ajili ya “ufa wa plasta” chini ya roshani. Nje ufa ulipanda kuelekea nguzo. Ndani ya ngazi, kwenye bimu ileile, nilimulika tochi nikaona mwenzake ukishuka. Nilimwomba radhi, nikamwambia, “Mama, leo wajukuu wasikae huku,” na kabla ya jioni tulikuwa tumeshaweka vigogo vya kuegemeza chini.

Dawa ya kwanza haikuwa ya chuma. Ule ukuta wa kuegemea ukingoni unabeba zaidi ya theluthi ya msokoto, kama hesabu ya hapo juu inavyoonyesha, na hausaidii lolote ila kuzuia watu wasianguke. Tuliubomoa taratibu kuanzia katikati, tukaweka reli ya mbao ngumu, ambayo mafundi wa Mombasa wanaijua vizuri kuliko mimi. Tukatengeneza kipumziko kipya nyuma ya bimu, nondo zake zikapandikizwa kwa gundi ya epoksi, na juu ya zile nyufa nikabandika viraka vya plasta vilivyoandikwa tarehe. Viraka havikupasuka, ndipo vigogo vilipotolewa. Sharti pekee nililomwachia lilikuwa kuhusu tangi la maji la lita 1,000 alilokuwa amelinunua na kutaka kuliweka pale roshani. Tani moja ya maji ikikaa mita moja kutoka katikati ya bimu ni kilonyutoni-mita 10 nyingine. Tulimtafutia mahali juu ya ukuta wa bafu, nyuma, ambapo nguzo ziko chini yake moja kwa moja.